Mume wangu alipoteza vidole kwenye mashine, sasa wanataka atie sahihi apewe elfu arobaini

Kwako Mshauri,

Pole na kazi. Nakuandikia kwa niaba ya mume wangu bila yeye kujua. Kwanza hawezi kushika kalamu kwa sasa, na pili ameshaamua la kufanya na mimi sikubaliani naye. Hapa nyumbani tumefika mahali hatuongei.

Tunaishi Mukuru. Mume wangu ni opereta katika kiwanda cha plastiki pale Industrial Area, huu ni mwaka wa tatu. Mashine yake ni ya kupiga ndoo na beseni. Wanamwita opereta lakini malipo ni ya kibarua, shilingi 700 kwa siku, siku sita kwa wiki. Barua ya kazi hana. Aliyemwandika ni wakala, ndiye huwatumia pesa kwa M-Pesa kila Jumamosi, ila amri zote hutoka kwa suparavaiza wa kiwanda.

Katikati ya Machi, akiwa shifti ya usiku, ndoo ilinasa kwenye moldi, ile kalibu ya chuma yenye pande mbili inayoipa ndoo umbo. Ile mashine ina mlango wa kusukuma mbele yake, na kwa kawaida ukiufungua mashine inasimama. Lakini swichi ya ule mlango ilikuwa imefungwa kwa waya tangu Januari ili mashine isisimame, maana kuna idadi ya ndoo ambayo lazima ifikiwe kabla ya asubuhi. Akaingiza mkono wa kulia kuibandua ndoo, moldi ikafunga. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete vilikatwa hospitalini kwa sababu vilikuwa vimesagika na kuungua. Kidole kidogo kipo lakini hakikunjiki.

Kiwanda kililipa bili ya kulazwa. Kuanzia hapo bandeji, dawa na nauli ya kliniki ni juu yetu. Pesa za Jumamosi zilikatika wiki ile ile. Wakala anasema kibarua asiyefanya kazi halipwi. Akiwa bado wodini, afisa mmoja wa kiwanda alimletea karatasi, akaitia sahihi kwa mkono wa kushoto huku dawa za maumivu zimemlegeza. Baadaye tukaambiwa karatasi inasema aliingiza mkono kwa uzembe wake.

Sasa, miezi minne baadaye, wakala ameleta barua nyingine, ya Kiingereza. Binti wa jirani alitusomea. Inasema atapewa shilingi 40,000 kwa ajili ya utu, na akitia sahihi hatadai tena chochote kwa kiwanda wala kwa wakala. Jibu linatakiwa kabla ya mwezi kuisha. Akikataa hapewi kitu, na kazini asirudi.

Yeye anataka kutia sahihi. Anasema kosa ni lake, kwa sababu ukutani kuna kibandiko cha kukataza kuingiza mkono. Anataka azichukue arejee nyumbani Busia afuge kuku. Kodi ya nyumba imelala. Jirani mwingine anatuambia tutafute wakili tuwashtaki kortini, atakata chake tukilipwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sijamwambia mtu. Usiku anaamka akilia kwamba vidole vinamuuma, vile ambavyo havipo. Naogopa akili yake imeguswa.

Nishike lipi?

Mama Neema, Nairobi

*

Mama Neema,

Asitie sahihi. Mwonyeshe mume wako jibu hili hata kama atakasirika kwamba uliandika. Akikataa kulisoma lote, msomee hesabu inayofuata tu.

Sheria inayomhusu ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ile ambayo viwandani kila mtu anaiita WIBA. Chini ya sheria hiyo, mtu akiumia kazini akashindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, anapaswa kulipwa kiasi kinacholingana na mapato yake kwa muda wote ambao hawezi kufanya kazi, hadi miezi 12. Mume wako alikuwa akipata shilingi 700 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi hizo ni 18,200. Tangu katikati ya Machi hadi mlipoletewa barua imepita miezi minne, na 18,200 mara nne ni 72,800. Hiyo ni pesa ya muda aliokaa nyumbani akiuguza mkono, na vidole bado hatujavigusa. Kwa hiyo wanachokiita utu hakifiki hata mshahara ambao tayari anawadai.

Tuje kwenye vidole. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na sheria ina jedwali linaloonyesha kiungo gani kina uzito gani. Asilimia ikishajulikana, inapigwa kwa mapato ya miezi 96. Miezi 96 ya 18,200 ni 1,747,200. Mimi si daktari na siwezi kukuambia atapewa asilimia ngapi. Hiyo ni kazi ya daktari anayejaza fomu na ya ofisi inayotathmini. Lakini angalia mfano: akipewa asilimia 10, ni shilingi 174,720. Akipewa 20, ni 349,440. Akipewa 30, ni 524,160. Huu ni mkono wa kulia wa mtu anayekula kwa kazi ya mikono, na wamempelekea 40,000 na tarehe ya mwisho.

Katika kuhesabu mapato, msikubali waandike ile 700 peke yake kama alikuwa na ovataimu ya kila wiki. Ovataimu ya mara moja moja haihesabiwi, lakini iliyokuwa ya kawaida inaingia. Hata chakula au malazi anayopewa na mwajiri yana thamani yake humo. Fungueni M-Pesa, mtoe taarifa ya malipo ya angalau mwaka mzima kabla ya ajali, mwone kila Jumamosi aliingiziwa ngapi. Taarifa hiyo itawasaidia pia kwenye jambo jingine nitakalolitaja.

Matibabu nayo ni deni la mwajiri. Gharama za lazima zilizotokana na ajali, kuanzia kumfikisha hospitali, upasuaji, dawa, hadi viungo bandia na matengenezo yake, sheria imeziweka juu yake. Risiti za bandeji na dawa mlizolipa wenyewe kusanyeni hata kama zimechakaa. Kama mmepoteza baadhi, rudini duka la dawa mnakonunua muombe nakala.

Sasa nizungumze na mume wako moja kwa moja, kwa sababu nadhani kinachomsukuma kutia sahihi ni aibu kuliko hizo elfu arobaini.

Ndugu yangu, umesema kosa ni lako kwa sababu kulikuwa na kibandiko. Wewe unaijua mashine ile kuliko mimi, kwa hiyo sahihisha nikikosea. Plastiki inaingia ikiwa imeyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200. Pande mbili za moldi zinabanwa kwa nguvu ya mamia ya tani. Ule mlango uliwekwa na waliounda mashine kwa sababu walijua kabisa kwamba siku moja ndoo itanasa, saa tisa za usiku, mtu amechoka, na mkono utakwenda wenyewe. Walijua hivyo kuhusu kila binadamu atakayesimama pale, ndiyo maana wakafanya mashine isiweze kufunga mlango ukiwa wazi. Mtu aliyefunga swichi kwa waya aliondoa kitu pekee kilichokuwa kati ya uchovu wako na zile tani. Kibandiko hakizuii moldi.

Na sheria inasema hivyo hivyo kwa lugha yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwenye kiwanda aweke kinga kwenye sehemu hatari za mashine, azitunze, na zikae mahali pake muda wote mashine inapoendeshwa. Inamtaka pia ahakikishe mtu anayewekwa kwenye mashine ya hatari amefundishwa hatari zake na namna ya kujikinga. Waya uliokaa tangu Januari hadi Machi si bahati mbaya ya usiku mmoja. Kila suparavaiza na kila fundi aliyepita mbele ya mashine ile katika miezi hiyo aliuona.

Kuna jingine ambalo watu wengi hawalijui, na waajiri wanaolijua hawalisemi. Fidia ya WIBA haitolewi kwa kutafuta nani alizembea. Swali ni kama uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi na wa ukaidi, na hata hapo sheria imewaacha nje ya katazo hilo waliokufa na waliopata ulemavu mkubwa. Kuvuta ndoo iliyonasa ili shifti itimize idadi iliyowekwa na kiwanda chenyewe ni kazi ya mwajiri. Hukuwa unacheza.

Ile karatasi ya wodini isikutie hofu. Hata tukiichukua kama ilivyoandikwa, neno uzembe halifuti haki yako, kwa sababu uzembe peke yake si utovu wa makusudi. Hata hivyo andika maelezo yako mwenyewe sasa, kabla kumbukumbu haijachujuka. Yaandike kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, mkeo akishika kalamu. Taja tarehe na saa, mashine ya ngapi, waya ulifungwa lini na kwa amri ya nani kama unajua, nani walikuwa kwenye mashine za jirani, nani alizima umeme, nani alikubeba. Taja na ile karatasi pia: nani aliileta, ulikuwa umepewa dawa gani, na kwamba hukusomewa. Weka tarehe ya leo, tia sahihi kwa mkono wa kushoto kama ulivyofanya siku ile, na mtu mmoja mzima ashuhudie. Usiwatume wenzako wapige picha ya waya kwa siri. Watafukuzwa na bado mnawahitaji kama mashahidi. Majina yao yanatosha.

Mama Neema, narudi kwako.

Mahali pa kwenda ni Idara ya Usalama na Afya Kazini, inayojulikana kwa kifupi DOSHS. Si mbali na hapo mlipo: makao yake ni jumba la Safety House, Commercial Street, huko huko Industrial Area. Walio kaunti nyingine wana ofisi zao za idara hiyo. Nendeni wote wawili mkiwa na kitambulisho chake, karatasi ya kutoka hospitali, kadi ya kliniki, taarifa ya M-Pesa, maelezo mliyoandika, na ile barua ya 40,000 ikiwa haijaguswa na kalamu. Barua hiyo inawafaa sana, kwa sababu imeandikwa na wao wenyewe na inakiri kwamba ajali ilitokea.

Mkifika ulizeni swali hili kwanza: je, ajali ya tarehe fulani katika kiwanda fulani iliripotiwa? Mwajiri alikuwa na siku saba tangu ajue habari za ajali kuipeleka kwa Mkurugenzi wa idara hiyo, kwa fomu inayoitwa DOSH/WIBA 1. Sehemu moja ya fomu hiyo hujazwa na mwajiri na nyingine na daktari. Kama hawakuripoti, wao ndio waliovunja sheria, na afisa anaweza kuwadai fomu. Mwajiri hawezi kujificha nyuma ya kutoarifiwa ikiwa alijua mwenyewe, na aliyelipa bili ya hospitali hawezi kusema hakujua. Madai yenyewe yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na yanaweza kuwasilishwa na mtu mwingine kwa niaba ya aliyeumia. Kwa hiyo wewe mwenyewe unaweza kuanza, hata akiwa bado amekununia. Mna muda hadi Machi mwakani, lakini msiusubiri. Nimeona watu wakizungushwa na wakala kwa maneno ya njoo wiki ijayo, mwezi baada ya mwezi, hadi mwaka ukapita.

Afisa akishapata fomu na ripoti ya daktari, tathmini inafanywa na dai linapelekwa kwa mwajiri au kampuni yake ya bima. Wana siku 90 kulipa. Sheria inamlazimu kila mwajiri kuwa na bima ya majeraha ya kazini, na asipokuwa nayo deni linabaki juu yake. Msikubali kuambiwa hakuna bima kana kwamba habari imeisha hapo. Asilimia nayo hupimwa jeraha likishatulia, kwa hiyo daktari akisema asubiri kidogo ndipo ajaze, si lazima iwe ni njama. Mwombeni tu aandike tarehe ya kurudi.

Kuhusu wakala na kiwanda kurushiana mpira: kwenye madai andikeni wote wawili, kwa majina yao kamili. Wakala ndiye aliyemlipa, kiwanda ndicho kilichomwamuru na ndicho chenye mashine. Sheria ya usalama inamwajibisha mwenye mahali pa kazi kwa kila mtu anayefanya kazi mahali pake, na haiulizi mshahara unatoka mfuko gani. Nani kati yao atalipa kupitia bima gani, waacheni walizungumze mbele ya afisa. Msianze kulitatua ninyi kwa simu.

Hili la kibarua lisiwasumbue pia. Ajali ya kibarua ni ajali ya mfanyakazi. Na kwa Sheria ya Ajira ya 2007, mtu anayeitwa kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, ajira yake inahesabiwa kuwa ya mwezi, na stahili zake zinafuata hapo. Mume wako yuko mwaka wa tatu. Hana barua ya kazi, lakini sheria hiyo hiyo inasema mwajiri aliyeshindwa kutoa mkataba wa maandishi ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha masharti anayobishania. Hapo ndipo zile Jumamosi zote za M-Pesa zinapoongea. Kumwambia asirudi kazini kwa sababu ameumia, bila kumwita na kumsikiliza, ni kesi nyingine tofauti na fidia. Ipelekeni ofisi ya leba, na ikishindikana huko, kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ina miaka mitatu, kwa hiyo anzeni na DOSHS.

Jirani anayetaka mkimbie kortini ana nia njema, lakini kuhusu fidia yenyewe njia hiyo imefungwa. Wanasheria walibishana kwa miaka mingi juu ya kifungu cha WIBA kinachomzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri moja kwa moja, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua, tarehe 3 Desemba 2019, kwamba kifungu hicho ni halali. Ajali ya Machi mwaka huu inaanzia kwa Mkurugenzi. Bado wapo wanaozunguka nje ya hospitali wakikusanya majina ya walioumia na kuwatia sahihi za kugawana malipo. Kupeleka dai DOSHS hakuhitaji wakili. Wakili atawafaa baadaye, mkiona tathmini ni ndogo mno. Mtu asiyeridhika ana siku 60 kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi, naye anapaswa kujibu ndani ya siku 14. Asiporidhika tena, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira.

Najua mwenye nyumba hangoji siku 90. Hili ndilo linalowashinda watu wengi wenye haki kama yenu, na kampuni zinalijua. Ndiyo maana barua ilikuja baada ya miezi minne, wakati akiba imekwisha, na haikuja wiki ya kwanza. Nendeni kwa mwenye nyumba na karatasi ya DOSHS mkononi mara mtakapoipata, aone kwamba kuna dai lililopokelewa. Kama mume wako yuko kwenye chama au kikundi cha akiba, huu ndio wakati wa kuomba. Na wakala akipiga simu, mwambieni hivi kwa upole: kama hizo 40,000 ni utu, zitume kwa M-Pesa bila karatasi, zihesabiwe kwenye mshahara wa miezi ambayo hajalipwa. Jibu lake atoe kwa ujumbe wa simu, mkauhifadhi.

Busia na kuku si wazo baya. Lakini aende akiwa ameshapimwa na dai lake limepokelewa, na aende na mtaji unaolingana na alichopoteza. Akishahamia huko anaweza kufuatilia kupitia ofisi ya kaunti. Asiondoke kabla ya hapo, maana daktari aliyemkata, mashahidi na kiwanda vyote viko Nairobi.

Sasa hayo ya usiku. Akili yake haijaguswa. Kiungo kikikatwa, mishipa ya fahamu iliyokuwa ikikitumikia inabaki, na ubongo unaendelea kupokea habari kana kwamba kiungo kipo. Madaktari wanayajua maumivu haya na wanayakuta kwa watu wengi waliokatwa vidole, mikono au miguu. Yana dawa zake, ambazo si zile za kawaida za kutuliza maumivu zinazouzwa dukani, na kuna mazoezi pia. Moja hufanywa kwa kioo. Mkono mzima unawekwa mbele ya kioo, ule ulioumia unafichwa nyuma yake, na mgonjwa anaangalia vidole vikijikunja na kujikunjua kwenye kioo. Kwa baadhi ya watu maumivu hupungua. Asipomwambia daktari, daktari hatajua na hataandika, na kisichoandikwa hakiingii kwenye ripoti. Aseme wazi kliniki, na wewe uwe ndani ya chumba pamoja naye.

Mwombeni pia awaelekeze kwa mtaalamu wa tiba ya viungo mapema. Kile kidole kidogo kisichokunjika, pamoja na kidole gumba, ndivyo vitakavyomshikia jembe, kikombe na kalamu. Kidole kilichobaki kikikaa bila kufanyishwa mazoezi hukakamaa, na kadiri miezi inavyopita ndivyo kukifungua kunavyokuwa kugumu. Gharama hii nayo ni sehemu ya matibabu ya ajali. Msiache kwa sababu ya nauli. Andikeni kila safari kwenye daftari.

Jambo la mwisho mkiwa mbele ya afisa wa DOSHS: mwelezeni habari za waya hata kama hajauliza. Mume wako anasema swichi ilifungwa Januari, na hakuna mahali katika barua yako uliposema ilifunguliwa baada ya ajali. Basi kuna kijana mwingine amesimama pale usiku huu. Wakaguzi wana mamlaka ya kuingia kiwandani, kukagua mashine na kuisimamisha, na sheria inakataza mfanyakazi kuadhibiwa kwa kulalamikia usalama. Kiwanda chenye watu 20 au zaidi kinatakiwa kuwa na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Muulizeni mume wako kama amewahi kuiona ikikaa, na jibu lake mlipeleke pia.

Watakapompa karatasi ya tathmini, niandikie asilimia iliyowekwa, mapato ya mwezi waliyotumia kuhesabu, na tarehe iliyo juu yake, ili tujue kama kuna haja ya pingamizi kabla zile siku 60 hazijaisha.